Je, Wajua? Video za Kwetu Zilizoteka Kumbi za Dunia

Je, wajua kwamba robota la mitumba, kama lile linalokatwa kamba alfajiri sokoni Kitale huku wateja wakigombania kamera, yaani nguo bora kabisa za robota, limewahi kuwa ukuta wa kazi ya sanaa huko Ujerumani? Ilikuwa mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta 15 mjini Kassel. Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi lililoanzishwa mwaka 2012, walipanga marobota ya nguo kuukuu katika bustani ya Karlsaue yakawa nyumba. Mgeni aliingia ndani, akazungukwa na nguo zilizobanwa pande zote, kisha akatazama video inayozungumzia biashara ya mitumba na taka za nguo zinazoishia Afrika. Waliiita "Return to Sender", yaani mzigo urudi kwa aliyeutuma. Mchuuzi wa mtaa wa Kipsongo hapa Kitale hahitaji kufafanuliwa kazi hiyo. Amelipia robota bila kuruhusiwa kulifungua, na akilifungua anakuta nguo za fagia, zilizochanika au kuchakaa, hazifai hata kupangusia meza. Hasara ni yake. Nguvu ya kazi hii ni kwamba ilimpelekea Mzungu mzigo wake mlangoni, ikamwingiza ndani, ikamkalisha autazame.

Je, wajua kuwa kinamama wanaobeba mizigo kichwani wamewahi kuingia kwenye maonyesho ya Venice, Italia? Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, alipeleka huko video yake "The End of Carrying All" mwaka 2015. Inaonyeshwa kwenye skrini tatu zilizopangwa sambamba. Mwanamke, ambaye ni Mutu mwenyewe, anapanda mlima na kapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, majengo. Mgongo unapinda, mwendo unakuwa mzito, na mwishowe mwanamke na mzigo wake wanamezwa na ardhi. Kazi nzima ni ya dakika kama 10 tu. Mama anayerudi kutoka soko la Chwele, Bungoma, akiitazama ataielewa kabla ya mhakiki yeyote. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2010, Mutu alikuwa msanii wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Msanii wa Mwaka ya benki ya Deutsche Bank.

Vilima vya Kivu, mashariki mwa Kongo, vimewahi kuonekana vya waridi. Richard Mosse wa Ailandi alipiga picha huko kwa filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, iliyobuniwa kwa kazi za kijeshi. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, na filamu hiyo huugeuza kuwa wekundu. Rangi ya kujificha iliyopakwa turubai haiurudishi vivyo hivyo, kwa hiyo adui aliyejificha hufichuka. Mosse alichukua chombo hicho cha kutafuta maadui akakielekeza kwenye vita ambavyo dunia ilikuwa imevipa kisogo. Kazi yake, "The Enclave", ilisimikwa Venice mwaka 2013 kwa skrini sita ukumbini, mtazamaji akilazimika kugeuka huku na huku kwa sababu hawezi kuziona zote kwa pamoja. Mwaka 2014 ilimletea tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse. Kuna waliolalamika kwamba imeyapamba mateso. Mimi naona rangi ile inamzuia mtu kupita haraka, na vita vya Kivu vimepitwa haraka mno.

Je, wajua kwamba Ingrid Mwangi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1975, na mumewe Mjerumani Robert Hutter waliunganisha majina na wasifu wao mwaka 2005 wakawa msanii mmoja? Leo wanajulikana kama Mwangi Hutter. Video zao hutumia miili yao wenyewe kuuliza maswali ya rangi na asili. Walikuwemo katika banda la Kenya huko Venice mwaka 2017, na hilo lilikuwa jambo la kutia moyo, maana banda la mwaka 2013 lilikuwa limejaa wasanii wa kigeni, hasa Wachina na Waitaliano, chini ya jina la nchi yetu.

Grace Ndiritu, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye aliyetwaa tuzo ya Jarman mwaka 2022, tuzo inayotolewa Uingereza kwa wasanii wa filamu na video.

Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963. Filamu yake "Out of Blue" ya mwaka 2002 inapita kwenye majengo na mandhari za Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Mwaka 2007 aliteuliwa kuwania tuzo ya sanaa ya Turner, ya Uingereza.

Na Ng'endo Mukii? Katuni yake "Yellow Fever" ya mwaka 2012 inahusu wanawake wanaojichubua ngozi, na ilishinda tuzo katika tamasha la filamu la Chicago. Baadaye alitengeneza "Nairobi Berries", kazi ya uhalisia pepe: unavaa miwani, unageuza kichwa, na jiji linakuzunguka.

Je, wajua sanaa hii ya video ilianzia wapi? Wengi humtaja Nam June Paik, Mkorea aliyefungua maonyesho mjini Wuppertal, Ujerumani, mwezi Machi 1963, mwaka mmoja tu baada ya televisheni kuanza Kenya. Mlangoni alitundika kichwa cha ng'ombe aliyetoka kuchinjwa, hadi wakuu wakaagiza kiondolewe. Ndani, alivuruga seti za televisheni kwa makusudi. Mojawapo iliunganishwa na maikrofoni: ukitoa sauti, picha inabadilika. Tangu hapo mtazamaji akawa na mkono katika kazi.

Hilo si geni kwetu. Vibanda vya video vya Kenya vimejaa sauti ya DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzigeuza hadithi nyingine kabisa, huku watazamaji wakijibu kwa kelele. Mathare, Nairobi, vijana wa Slum TV walianza katikati ya miaka ya 2000 kurekodi maisha ya mtaani na kuyaonyesha palepale mtaani, kwa majirani zao. Na ukishika barabara ya Kitale kupitia Lodwar hadi Kakuma, utafika kwenye kambi ya wakimbizi ambako shirika la FilmAid lilianza mwaka 2001 kuonyesha filamu usiku, nje, kwenye skrini kubwa zinazosafirishwa kwa lori. Wakazi wengi wa Kipsongo ni Waturkana wenye jamaa upande huo. Skrini ilipita njia yao, ikawaacha.

Je, wajua kwamba Kitale ina makumbusho tangu mwaka 1974, yaliyojengwa juu ya makusanyo ya vipepeo, ndege na vitabu ya Kanali Hugh Stoneham? Kuta zipo na umeme upo. Kinachotakiwa ni projekta, spika na kibali cha wasanii. Naiomba serikali ya kaunti ya Trans Nzoia na wasimamizi wa makumbusho watenge jioni moja kila mwezi, waanze na Mutu na Nest Collective, na watoto wa Kipsongo waingie bure. Wewe msomaji uliye na simu yenye kamera, usingoje kibali cha mtu: rekodi mzigo, robota, mama, kilima, kisha uwaonyeshe jirani zako kwanza.