Ghala la Ndizi Lililogeuzwa Nyumba ya Sanaa

Kila tunapokusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, swali moja halikosi: mbona Kaunti isibomoe majengo makuukuu yaliyoachwa na wakoloni, maghala na seli zisizo na kazi, ili viwanja vitumike kwa mambo mengine? Ni swali la haki. Kabla ya kulijibu, hebu tuangalie jengo moja lililoko Berlin, Ujerumani.

Jengo hilo lilijengwa mnamo 1942 na 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwakinga abiria wa stesheni ya reli ya Friedrichstrasse dhidi ya mabomu ya ndege. Lina orofa tano. Kuta zake ni za zege lenye nondo, unene wake takriban mita 2, na halina madirisha ya kawaida. Vyumba vilikuwa 120, vyote vifupi, dari ikiwa mita 2.3 hivi kutoka sakafuni. Zaidi ya watu 2,000 waliweza kujibanza humo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Kisovieti liliwafungia humo wafungwa wa kivita. Baadaye likawa ghala la nguo. Mwaka 1957 serikali ya Ujerumani Mashariki ikaanza kuweka humo matunda ya nchi za joto, kwa kuwa kuta nene huzuia joto lisiingie. Wenyeji wakalibandika jina la bunka la ndizi. (Wakulima wetu wanaopoteza ndizi kila msimu kwa kukosa ghala baridi wataona hapo palikuwa na akili.) Baada ya Ujerumani kuungana, vijana waliligeuza kuwa klabu ya muziki wa tekno kuanzia 1992. Klabu hiyo ilifungwa mwaka 1996.

Mnamo 2003 jengo lilinunuliwa na Christian Boros, mfanyabiashara wa matangazo ambaye hukusanya kazi za sanaa za wasanii walio hai. Alitaka mahali pa kuziweka na kuzionyesha. Tatizo lilikuwa zile dari fupi, kwani huwezi kusimamisha sanamu ya mita tano katika chumba cha mita mbili na kidogo. Kulipua zege la namna ile katikati ya mji nako ni kuhatarisha nyumba za jirani, na isitoshe, jengo lilikuwa limewekwa chini ya ulinzi wa sheria ya turathi.

Suluhisho la wasanifu lilikuwa kukata. Kwa misumeno yenye meno ya almasi, mafundi walikata kuta na sakafu za ndani kipande kwa kipande, wakaunganisha vyumba vya juu na vya chini. Kazi ilichukua miaka kadhaa. Vyumba 120 vikabaki 80, vingine sasa vikiwa na kimo cha orofa mbili au zaidi, na eneo la maonyesho likawa takriban mita mraba 3,000. Milango ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2008. Maonyesho hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Katika awamu moja mti mkubwa wa msanii Ai Weiwei wa China, uliounganishwa kwa vipande vya miti mikavu, ulisimama ndani ya zege hilo.

Kilichonivutia zaidi ni kile ambacho hawakukigusa. Tundu za risasi ziko pale pale ukutani kwa nje. Ndani, maandishi ya wakati wa vita na rangi za enzi za klabu hazikupakwa chokaa. Mgeni anayekuja kutazama picha hulazimika kutazama pia historia ya nyumba, hata sehemu yake ya aibu.

Mfano huu hata hivyo una kasoro kwetu. Nyumba ile ni mali ya mtu binafsi. Huwezi kuingia ukipita njia. Ni lazima uandikishe nafasi mapema, ulipe, kisha uzungushwe katika kikundi kidogo. Makumbusho yanayoendeshwa kwa kodi ya wananchi hayawezi kufungwa hivyo.

Nasi hatuanzii sufuri. Fort Jesus kule Mombasa ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Leo Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha makumbusho miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Vilevile, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, Waziri anaweza kutangaza jengo kuwa turathi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, na likishatangazwa, kulibomoa ovyo ni kosa.

Si kila ghala bovu linastahili kutunzwa; mengine yanahatarisha watoto wanaocheza humo na yafaa yaondolewe. Lakini jengo likishaanguka halirudi, kwa hivyo uamuzi unahitaji ushahidi. Ikiwa katika mtaa au kijiji chako kuna jengo la namna hii, mfahamishe msimamizi wa wadi: lilijengwa kwa kazi gani, nani alifungwa au kufanya kazi humo, na kama kuna mzee anayelikumbuka au picha ya zamani, leta nakala.