Seva iko chini, kompyuta ziko juu, na hazisikizani

Umewahi kuwasha kompyuta ikakujibu kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, na mwenye saiba amesimama nyuma yako mikono kiunoni? Mimi nimewahi. Maandishi yalisema PXE-E51, na kufikia Juni 30 zilikuwa zimebaki siku nne.

Kama unaishi Nairobi unaijua Juni 30. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, na nusu ya mtaa hukumbuka ikiwa imebaki wiki moja. Mama mwenye saiba alikuwa amekodi ghorofa ya juu ili afungue darasa la kompyuta, na wiki hiyo ya foleni alitaka pia itumike kuhudumia wateja. Makubaliano yetu yalikuwa mafupi: "Kijana wangu, zikiwaka nakulipa. Zisipowaka, beba nyaya zako."

Mashine zenyewe zilikuwa kumi na mbili, kuukuu, bila diski. Hizi ndizo kompyuta nyepesi. Ukiiwasha, inauliza mtandao: mimi ni nani, na mfumo wangu uko wapi? Seva inaipa anwani ya IP na jina la faili ya kuanzia, kisha inaletewa mfumo kupitia kebo. Mtumiaji akiingia, kazi nzito inafanyika kwenye seva, yeye anaona picha tu. Mimi hutumia LTSP, mradi wa Linux ulioanza 1999. Haulipiwi, na hilo kwa hustler ni jambo la maana.

Chini kulikuwa na mtandao wa 192.168.1.0/24, na seva ilikaa kwenye 192.168.1.10. Juu niliweka 192.168.2.0/24, na ruta ndogo ya MikroTik katikati. Najua unachofikiria: si ungechomeka swichi tu wote wakae mtandao mmoja? Kwa mashine ishirini na mbili ingetosha kabisa, maana /24 inabeba anwani 254. Lakini chini kuna PIN za KRA na skani za vitambulisho vya watu, na darasani kuna vijana wenye vidole vyepesi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, nisingetaka kitambulisho cha mamangu kizagae hivyo.

Sasa ngori ilianzia hapo. Fikiria ploti mbili zenye ukuta katikati. Kompyuta nyepesi ikiamka haina anwani na haimjui mtu, kwa hivyo inapiga kelele: "Nani ana anwani anigawie?" Kelele hiyo ni ombi la DHCP, na ruta hairuhusu kelele ivuke ukuta. Seva iko ploti ya pili, haijasikia lolote. Kompyuta inangoja, inachoka, inaandika E51: hakuna aliyenijibu.

Dawa ni kumpa keyateka kazi ya kubeba ujumbe. Kazi hiyo inaitwa DHCP relei. Kwenye MikroTik unaiwasha upande wa juu, unaielekeza kwa 192.168.1.10, na unaandika anwani ya ruta ya upande huo, 192.168.2.1. Relei inasikia kelele, inaandika hiyo 192.168.2.1 ndani ya ombi, kisha inalipeleka moja kwa moja kwa seva. Seva ikiona alama hiyo inajua mwombaji anatoka ploti gani. Ruta nyingi za bei nafuu za nyumbani hazina kitu hiki, na juu ya hayo huja na DHCP yao wenyewe na NAT. Angalia kabla hujatoa pesa dukani.

Nikawasha. E51 tena.

Hapo ndipo niliacha kubahatisha nikafungua logi za seva. Ombi lilikuwa linafika, ila seva inalalamika kwamba mtandao huo haiujui. Nilikuwa nimeandika orodha ya anwani za chini tu! Nikaongeza ya juu: 192.168.2.50 hadi 192.168.2.100, lango 192.168.2.1, seva ya faili 192.168.1.10. Usisahau lango, la sivyo kompyuta itapata anwani na ikose njia ya kutoka.

E51 bado. Logi sasa inasema jibu limetumwa. Limetumwa wapi? Seva ilikuwa inapeleka kila kitu kisichokuwa cha chini kwa modemu ya intaneti, na modemu haijawahi kusikia habari za ghorofa ya juu. Kwenda kulikuwa sawa, kurudi hakuna. Nikaandika kwenye seva:

ip route add 192.168.2.0/24 via 192.168.1.2

Hiyo 192.168.1.2 ni mguu wa ruta yangu upande wa chini. Nikawasha, na E51 ikageuka kuwa PXE-E32. Nilifurahi kama mjinga, kwa sababu E32 inamaanisha anwani imepatikana, ila faili imekataa kuja kwa TFTP. Hiyo ilikuwa faiawoli ya seva, iliyokubali wageni wa chini pekee. Nikafungulia mtandao wa juu poti tatu: 69 ya UDP kwa TFTP, 2049 ya NFS, na 3389 ya RDP. Zingine zikabaki zimefungwa.

Saa nne usiku skrini zote kumi na mbili zilikuwa zimewaka. Mama akanitumia nusu kwa M-Pesa, nusu "kesho".

Kesho yake saa mbili asubuhi stima ikapotea dakika kumi. Iliporudi, chini sawa, juu E51 kila mahali, na foleni imefika kwenye ngazi. Ile amri ya njia huishi kwenye kumbukumbu tu, seva ikizimika nayo inakufa. Niliirudisha kwa mkono watu wakihudumiwa, halafu jioni nikaiandika kwenye faili ya netplan, nikazima seva kwa makusudi mara mbili nikiitazama ikirudi.

Ramani ya anwani nimeibandika kwa selotepu kwenye ubavu wa seva. Nusu yangu ya pili iliingia Julai 2.