Kusoma Ukiwa Kazini: Uliza Kwanza Kama Cheti Kitatambuliwa

Muuguzi wa zahanati ya kijijini kule Masinga akienda chuoni kwa miaka miwili, foleni ya akina mama na watoto inabaki na nani?

Mwaka 2005, Kenya ilikuwa na wauguzi zaidi ya 20,000 wa ngazi ya cheti waliohitaji kupanda hadi diploma, ilhali nafasi vyuoni zilikuwa chache. Shirika la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wao wakaanzisha masomo kwa njia ya kompyuta. Muuguzi aliendelea na kazi yake, akasoma nadharia kwa saa alizozipanga mwenyewe, kisha akafanya mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya msimamizi.

Leo nafasi za aina hiyo zimeongezeka. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023, kina makao yake Konza, humu kwetu Machakos, na hufundisha mtandaoni. Vilevile, zipo kozi fupi za kuendeleza taaluma kutoka ndani na nje ya nchi. Kwa wauguzi, masomo ya kuendeleza taaluma huhesabiwa wanapohuisha leseni.

Hata hivyo, vyeti vya mtandaoni havina uzito sawa. Kabla ya kulipa karo, zingatia haya:

- Uliza bodi ya taaluma yako kama inaitambua kozi hiyo. Kozi ya ng'ambo inaweza kukufunza mengi na bado isikusaidie kuhuisha leseni.
- Kwa shahada ya humu nchini, hakikisha chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.
- Uliza mafunzo ya vitendo na mitihani vitafanyika wapi. Kudunga sindano hakufunzwi kwa simu pekee.
- Jumlisha gharama zote: karo, ada ya mitihani, bando na nauli.
- Zungumza mapema na mkuu wako wa kazi kuhusu zamu na siku za mitihani.

Kusoma mtandaoni hukupunguzia safari, lakini kazi ya kusoma ni ile ile. Hakuna kengele wala mwalimu wa kukufuatilia, kwa hivyo tenga saa zako na uzilinde. Ukifanya hivyo, utapanda ngazi bila zahanati kufungwa.