Je, Wajua? Sentensi za Kiingereza Hazitambuliwi kwa Alama ya Mwisho

Je, wajua kuwa alama ya kuuliza haitoshi kuifanya sentensi ya Kiingereza iwe swali? Mwenyeji akikuambia "Could you open the window?" haulizi kama una mikono. Anaomba, kwa adabu. Ukijibu "Yes" ukabaki umekaa, sarufi umeipata, mtu umemkosa.

Je, wajua kuwa "You're leaving?" imepangwa kama taarifa? Sauti ikipanda mwishoni inauliza, sawa na "Unaondoka?" yetu. Swali la kawaida ndilo lenye jasho: kitenzi kisaidizi huruka mbele ya kiima, "Are you leaving?", na kama hakipo, huazimwa "do". Zama za Shakespeare ungeuliza "Know you this man?" bila "do" na usichekwe.

Je, wajua kuwa "Go!" ni sentensi kamili? Kiima "you" kimejificha. Sisi tukisikia nenda au nendeni, tunajua anayefukuzwa ni mmoja au ni kundi. Kiingereza hakisemi.

Je, wajua kuwa mwaka 2016 mwongozo wa mitihani ya shule za msingi nchini England ulishikilia kuwa sentensi ya mshangao sharti ianze na "What" au "How"? "How fast she runs!" inapita. "There's a snake!" ni taarifa tu, hata ukiipachika alama tatu za mshangao. Nyoka hakuulizwa maoni.

Je, wajua kuwa urefu si kipimo? "The old fisherman with the torn net walked slowly along the beach" ina maneno 12 na ni sentensi sahili, kwa kuwa kitenzi chenye njeo ni kimoja, "walked". "I know he lied" ina manne tu, lakini ni changamano: "he lied" ni kishazi tegemezi kinachoning'inia kwenye "know". Hesabu vitenzi, usihesabu maneno.

Je, wajua swali linalowanasa Waswahili wengi? Ni la kukanusha. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijala. Kwa Kiingereza, "Haven't you eaten?" ikijibiwa "Yes", maana yake nimekula. Mwenye nyumba anarudisha sufuria jikoni, na mgeni anabaki akilitazama.