Gesi kwenye gari: Kibaha na Kisarawe wapige hesabu ya njia kwanza

WENYE magari ya biashara katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, wanazidi kuulizana kama inafaa kuacha petroli na kufunga mtungi wa gesi. Jibu linategemea mambo matatu: ni gesi ipi, gari linatembea kilomita ngapi kwa siku, na kituo cha kujazia kiko umbali gani. Asiyetazama jambo la tatu anaweza kutumia mtaji wake na asiuone tena.

Gesi mbili, soko mbili

Kwanza ni vema kutenganisha gesi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni gesi ya mitungi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Hii hugeuka kuwa kimiminika kwa presha ndogo, ndiyo maana hubebeka kwa urahisi. Uturuki, Poland, Italia na Korea Kusini zina magari mengi yanayotumia gesi ya aina hii, na vituo vyake viko barabarani kama vilivyo vya petroli.

Ya pili ni gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni metheni. Hii ndiyo iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, likiishia Kinyerezi. Haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu, hivyo kwenye gari hushindiliwa hadi presha ya bar 200 hivi, ndani ya mtungi mnene.

Tofauti hiyo ndiyo inayopanga bei. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje kwa meli, hivyo hufuata bei ya dunia na thamani ya dola. Gesi asilia inachimbwa nchini. Visima vya Songo Songo hutoa gesi kavu yenye propeni kidogo sana, kwa hiyo mwenye gari asitegemee kwamba visima hivyo vitashusha bei ya mtungi wa jikoni.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano wa gari dogo la abiria linalokula lita 10 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 150 kwa siku. Petroli ikiwa sh. 2,800 kwa lita, dereva anatumia lita 15, yaani sh. 42,000.

Kilo moja ya gesi asilia hufanya kazi ya lita 1.4 hivi za petroli. Gari hilo litahitaji kilo 11. Kwa bei ya sh. 1,550 kwa kilo, iliyozoeleka Dar es Salaam mwaka 2023, gharama ni sh. 17,050. Kinachobaki mfukoni ni karibu sh. 25,000 kwa siku. Kama kufunga mfumo kumegharimu sh. 2,000,000, fedha hiyo inarudi kwa siku 80 za kazi.

Gesi ya kupikia haitoi picha hiyo. Mtungi wa kilo 15 ukiuzwa sh. 54,000, kilo moja ni sh. 3,600. Nayo hufanya kazi ya lita 1.4 hivi za petroli, ambazo ni sh. 3,920. Faida ni sh. 320 tu kwa kilo, au sh. 3,520 kwa siku. Mtaji ule ule utarudi baada ya siku zaidi ya 560. Bei ya dunia ikipanda kidogo, faida inakwisha.

Njia ya kufuata gesi

Hapa ndipo Kibaha na Kisarawe zinapotofautiana na Kariakoo au Mwenge. Mtungi wa gari dogo hubeba kilo 11 hivi, yaani mwendo wa kilomita 150. Vituo vilianzia Dar es Salaam: Ubungo kwanza, kisha sehemu nyingine za jiji, ikiwamo barabara ya Nyerere. Mwaka 2025 Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lilizindua kituo kikuu barabara ya Sam Nujoma. Mpango wake ulitaja pia vituo vidogo vya kupokea gesi kwa malori, kimojawapo Kibaha.

Kwa gari linalolala Maili Moja na kushinda Dar es Salaam, hakuna tatizo. Linajaza likiwa kazini. Lakini gari linalozunguka Kibaha tu, likilazimika kufuata gesi Ubungo, hutembea kilomita 60 hivi kwenda na kurudi na kuunguza kilo 4.3. Kilo 6.7 zinazobaki zinafanya kazi ya petroli ya sh. 26,300. Faida ya mtungi mzima inashuka hadi sh. 9,250, bila kuhesabu saa za foleni.

Kwa gari la Mlandizi hali ni mbaya zaidi. Safari ya kilomita 100 hivi humaliza kilo 7.1. Zinazobaki zinafanya kazi ya lita 5 na nusu, sawa na sh. 15,400, wakati mtungi umenunuliwa sh. 17,050. Hiyo ni hasara ya wazi.

Kanuni ni hiyo hiyo Kisarawe. Gari linaloshuka Pugu kila siku kwenda mjini linaweza kujaza njiani. Linalobeba muhogo na korosho kati ya Maneromango na Kisarawe mjini lisubiri kituo cha karibu, au liendelee na petroli.

Mfumo unavyofanya kazi

Injini ya petroli haibadilishwi. Gari huwashwa kwa petroli, na likipata moto hugeuzwa kutumia gesi kwa swichi. Kipunguza presha hushusha nguvu ya gesi, kikipashwa joto na maji ya rejeta, kisha gesi huingia kwenye injini kwa injekta zake. Gesi ikiisha, dereva anarudi kwenye petroli. Nguvu hupungua kidogo mlimani, na buti hupoteza nafasi. Plagi na valvu zinahitaji uangalizi wa karibu, kwa kuwa gesi huungua kavu.

Usalama si jambo la kufanyia majaribio. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa ajili ya gari. Tangi halali la propeni lina valvu inayozuia lisijae zaidi ya asilimia 80, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka juani. Isitoshe, propeni ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutulia chini ya kiti au ndani ya buti ikingoja cheche. Metheni ni nyepesi na hupanda juu, lakini mtungi wake una presha kubwa na lazima upimwe upya kila baada ya miaka kadhaa. Mwenye gari adai cheti cha mtungi na kazi ya fundi aliyesomea, kama wale wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya kazi hii.

Kodi nayo ihesabiwe

Bei ya gesi haikai mahali pamoja. Juni 2024, katika mapendekezo ya bajeti, Serikali ilipendekeza tozo ya sh. 382 kwa kilo ya gesi ya magari. Tozo ya kiasi hicho huondoa sh. 4,200 katika ile faida ya sh. 25,000 kwa siku. Biashara bado inalipa, lakini aliyekopa kwa riba kubwa ataihisi. Kwa upande wa petroli, bei kikomo za EWURA hutangazwa kila mwezi, na kila zinaposhuka muda wa kurudisha mtaji unarefuka.

Kwa mwenye gari la familia linalotembea kilomita 30 kwa siku, akiba ni kama sh. 5,000 na mtaji unarudi baada ya siku 400. Huyo hana haraka. Mwenye teksi, bajaji au gari la mizigo linaloingia Dar es Salaam kila siku ndiye mwenye sababu ya kufunga sasa.

Kabla ya kulipa, aandike kwa wiki mbili kilomita anazotembea, lita anazonunua na mahali anapopita. Mali bila daftari hupotea bila habari.