Benki ikibadili mitambo ya kompyuta, mwenye hisa aulize nini?

MWENYE hisa za benki amezoea kuuliza mambo matatu: faida ni kiasi gani, mikopo isiyolipika ni asilimia ngapi na gawio litatoka lini. Ni nadra kumsikia akiuliza kuhusu mitambo ya kompyuta, kwa kudhani hiyo ni kazi ya mafundi. Yaliyoipata benki ya TSB ya Uingereza mwaka 2018 yanaonyesha kuwa swali hilo lina uzito sawa na hayo matatu.

TSB ilitenganishwa na kundi la Lloyds, ikaingizwa katika soko la hisa la London Juni 2014, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania kwa pauni bilioni 1.7. Hata baada ya kununuliwa, iliendelea kutumia mitambo ya Lloyds kwa malipo. Ndipo mwishoni mwa juma la Aprili 20 hadi 22, 2018 ilipowahamishia wateja wake milioni 5.2 kwenye mfumo mpya uliojengwa na kampuni tanzu ya Sabadell.

Kumbukumbu za wateja zilifika salama. Kilichogoma ni mfumo wenyewe. Wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kuingia katika akaunti zao kwa njia ya mtandao, na baadhi walijikuta wakitazama akaunti za watu wengine. Benki haikurejea katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka huo.

Tukio hilo liliigharimu benki pauni milioni 330, na wateja 80,000 walihamia kwingine. Faida ya pauni milioni 162.7 kabla ya kodi ya mwaka 2017 iligeuka hasara ya pauni milioni 105.4 mwaka 2018. Mkurugenzi Mtendaji, Paul Pester, aliachia ngazi Septemba 2018. Desemba 2022, mamlaka mbili zinazosimamia benki nchini humo ziliitoza TSB faini ya jumla ya pauni milioni 48.65.

Ili kuelewa fedha hizo zilipotelea wapi, ni lazima kufahamu mambo matatu yanayokwenda pamoja katika ujenzi wa mfumo wowote wa benki: orodha ya mahitaji, namna ya kujenga, na namna vipande vinavyounganishwa.

MAHITAJI

Mahitaji ni maelezo ya kile ambacho mfumo unapaswa kufanya, yakiandikwa kabla fundi hajagusa kompyuta. Yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni kazi: mteja aone salio, atume fedha, apate taarifa ya akaunti. Aina ya pili ni uwezo: wateja laki moja waone salio kwa wakati mmoja bila mtambo kuzidiwa, na mtambo mmoja ukizimika mwingine uchukue kazi papo hapo.

Aina ya kwanza haisahauliki, kwa sababu meneja wa tawi huiona kila siku. Aina ya pili haionekani mpaka siku inapokosekana.

Aidha, mahitaji hayakai mahali pamoja. Wasomaji wanakumbuka tozo ya miamala ya simu nchini Tanzania. Ilianza Julai 15, 2021 kwa viwango vya kati ya sh 10 na sh 10,000. Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapanuliwa hadi miamala ya benki, na Oktoba mwaka huo huo baadhi ya miamala ikaondolewa. Kila badiliko ni sentensi chache tu katika Gazeti la Serikali, lakini ndani ya benki na kampuni za simu ni mahitaji mapya yanayopaswa kuingia katika mfumo, kujaribiwa na kufanya kazi kwa tarehe iliyotajwa. Ukikata pungufu, unadaiwa na serikali. Ukikata zaidi, unadaiwa na mteja.

HATUA FUPI FUPI

Jambo la pili ni namna ya kujenga. Njia ya zamani ilikuwa kuandika kila kitu, kujenga kila kitu, kisha kuwasha kila kitu siku moja. Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana huko Utah, Marekani, na kutoa azimio la njia nyingine ambayo mafundi huiita ajaili: kujenga kidogo kidogo, kumwonyesha mtumiaji kila baada ya wiki chache, na kurekebisha kulingana na alichokiona. Waswahili husema bandu bandu huisha gogo.

Benki nazo zimeifuata. Mwaka 2015, ING ya Uholanzi iliwapanga upya wafanyakazi wapatao 3,500 wa makao yake makuu katika vikundi vya watu tisa hivi, kila kikundi kikiwachanganya watu wa biashara na mafundi.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji ni M-Pesa. Majaribio yake nchini Kenya yalianza Oktoba 2005 yakiwa na mawakala wanane na wateja wasiofika 500, katika Nairobi na Thika. Mahitaji yaliyoandikwa yalikuwa kwamba wakopaji wa taasisi ya Faulu wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Watumiaji wakafanya mengine. Wapo waliotumiana fedha, wapo wafanyabiashara waliolipana, wapo walioweka mauzo ya jioni kwa sababu benki ilikuwa imefungwa, na wapo walioweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikokwenda.

Badala ya kung'ang'ania orodha ya mwanzo, Safaricom na Vodafone waliibadili. Machi 2007 huduma ilizinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani, na mkopo ukawekwa kando. Kosa la mahitaji liligunduliwa kwa wateja 500. TSB iligundua lake kwa wateja milioni 5.2.

VIPANDE VYA HUDUMA

Jambo la tatu ni namna vipande vinavyounganishwa. Katika benki nyingi za zamani, kila bidhaa ilikuwa na programu yake: akaunti ya akiba yake, mikopo yake, mashine ya kutolea fedha yake. Kila moja ilikuwa na kanuni yake ya makato na jina la mteja lililoandikwa upya. Tozo ikibadilika, mafundi walilazimika kuisaka katika kila programu. Wakiisahau moja, hasara ilikuwa ya benki.

Usanifu wa huduma unavunja utaratibu huo. Kazi kama kumtambua mteja, kukokotoa makato au kuhamisha fedha hujengwa mara moja kama huduma inayojitegemea, na programu nyingine zote huiita inapohitajika. Ni sawa na soko kuwa na mizani moja iliyokaguliwa, badala ya kila mwenye meza kupima kwa kopo lake.

Faida yake kibiashara ni kubwa. Katika majaribio ya M-Pesa, mojawapo ya kazi ngumu ilikuwa kuoanisha vitabu vya Faulu na mfumo mpya wa simu. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua lango liitwalo Daraja, ambalo programu za wafanyabiashara huweza kuunganishwa nalo ili malipo yajiandikishe zenyewe.

Hata hivyo, mizani moja ikiharibika, soko zima husimama. Ndiyo maana huduma inayotegemewa na wengi inahitaji majaribio makali zaidi ya uwezo.

UZI MMOJA

Mambo hayo matatu hayana maana yakitenganishwa. Hatua fupi bila orodha ya mahitaji huzaa mfumo unaopendeza lakini hauna kibali cha mkaguzi. Orodha bila hatua fupi huwa kitabu kinene ambacho kimepitwa na wakati kabla ya kazi kuisha. Na vipande vya huduma visivyojua vinatimiza hitaji gani huzidi kuongezeka tu.

Kinachoviunganisha ni uzi mwepisi kuueleza na mgumu kuusimamia. Kila hitaji lipewe namba na mwenyewe katika upande wa biashara. Namba hiyo ionekane katika kazi ya wiki ya mafundi, katika huduma inayoitimiza na katika jaribio lililothibitisha kuwa imetimizwa. Kwa njia hiyo, sheria ya tozo ikibadilika, benki hujua siku hiyo hiyo ni huduma ipi iguswe na ni majaribio yapi yarudiwe.

TSB ILIPOKATIKIWA

Ripoti ya kampuni ya mawakili ya Slaughter and May, iliyochapishwa Novemba 2019, ilionyesha mahali uzi ulipokatika. Mpango ulianzia mwisho: tarehe ya kuhama iliwekwa kwanza, kisha kazi zikabanwa ziingie ndani yake. Karibu kila kitu kilihamishwa kwa mkupuo mmoja. Mfumo uliochukuliwa kuwa ni ule wa Hispania ulikuwa mpya kwa kiasi kikubwa kuliko bodi ilivyotambua.

Kwa upande wa uwezo, TSB ilikuwa na vituo viwili vya kompyuta vilivyotakiwa kufanya kazi kwa pamoja. Majaribio ya uwezo yalifanyika katika kimoja tu.

Ripoti hiyo pia iliigusa bodi. Uhamishaji ulipoahirishwa kutoka Novemba 2017, baadhi ya kazi zilikuwa nyuma kwa hadi miezi saba, lakini ratiba mpya iliongeza miezi minne hivi tu. Bodi haikuuliza inawezekanaje. Hesabu hiyo haihitaji ufundi wa kompyuta.

Aprili 2023, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki hiyo alitozwa faini binafsi ya pauni 81,620 kwa kutohakikisha ipasavyo kuwa kampuni iliyojenga mfumo ilikuwa tayari.

MASWALI YA MKUTANO MKUU

Mwenye hisa za NMB au CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, au za benki yoyote Nairobi, hahitaji kujua kuandika programu. Benki ikitangaza kuwa inabadili mfumo wake mkuu, maswali manne yanatosha katika mkutano mkuu wa wanahisa.

Kwanza, tarehe ya kuhama imetokana na kazi iliyopo, au kazi imebanwa kuifuata tarehe? Pili, wateja watahamishwa kwa mafungu, au wote usiku mmoja? Tatu, mfumo umejaribiwa kwa wingi wa wateja wa siku ya mishahara, na katika vituo vyote? Nne, mambo yakiharibika, ipo njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, na nani mwenye mamlaka ya kuamuru hivyo?

Majibu yenye namba na majina ni dalili njema. Jibu la kwamba wataalamu wanalishughulikia ndilo walilolipokea wengi kabla ya Aprili 2018. Mfanyabiashara anayeweka mauzo ya siku benki, naye ana haki ya kuuliza, na akisikia tarehe ya kuhama imetajwa, ni busara awe na akaunti ya pili kwingine yenye fedha za kulipia mzigo wa wiki moja.