Mpiga Ramli Hasemi Peke Yake

Asafiriye kwa matatu kutoka Kitale hadi Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, hakosi la kusoma. Nguzo za stima zimejaa matangazo: Mganga kutoka Tanga, Daktari kutoka Pemba, Profesa kutoka Malawi. Hurejesha mume, mali iliyoibwa na kazi iliyopotea. Mimi niliyeisotea shahada ya uzamifu kwa miaka mingi nakiri kwamba wivu hunishika kidogo nionapo uprofesa unaopatikana kwa karatasi na gundi.

Nilikuwa nikiwacheka waendao huko, hadi dada yangu aliponiomba nimsindikize. Mwanawe alikuwa ameondoka Bungoma kutafuta kibarua, na miezi saba ilikwisha bila salamu. Katika ofisi aliyoripoti alipewa karatasi ya kujaza akaambiwa arudi. Alirudi mara nne. Kwa mganga, katika chumba cha kupanga mjini Kitale, alipewa kigoda akasikilizwa saa nzima na ushei. Mganga ndiye mtu wa kwanza kumwuliza kijana alipenda kula nini.

Nami nilisikiliza kwa sikio la kazi yangu. Mganga alichora mistari kwenye sinia ya mchanga (ramli yenyewe ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga), akasema, "Naona njia ya vumbi." Dada kimya. "Naona maji." Dada akaguna. "Maji mengi, mama." "Ziwa!" akadakia dada, kwa kuwa kijana aliwahi kuitaja Kisumu. Tangu hapo mganga akaliona ziwa waziwazi. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi neno taire, ambalo waliokwenda kutazamiwa humwitikia mganga kuonyesha kwamba wanakubaliana naye. Dada yangu hakulijua neno hilo la mwambao, lakini mguno wake ulifanya kazi ile ile.

Dada alipotoka kwenda kutuma pesa kwa M-Pesa, nilibaki na yule bwana. Hakuwa mtu wa kutisha. Alilalamikia kodi ya nyumba na karo ya watoto, akasema kwamba hakai mji mmoja zaidi ya miezi sita kwa sababu wateja hurudi kudai. "Mwalimu," akaniambia, "wengi huja wakiwa wanajua wanachotaka kusikia. Mimi huwatolea tu."

Kauli hiyo ingenichekesha, lau si yaliyotangulia kabla dada hajatoka. Daktari humweleza mgonjwa ni nini kinachomuua. Mganga huulizwa ni nani. Na yule bwana alikuwa amejibu: "Ni mwanamke wa karibu, asiyecheka nawe kwa moyo." Jina hakulitaja. Alilitaja dada yangu mwenyewe: jirani yake, mjane, ambaye waliwahi kugombana juu ya mpaka wa shamba.

Wabukusu wana omufumu, mtazamiaji, na omulosi, mchawi. Hawa ni watu wawili tofauti. Shina la omulosi ndilo lile la kuloga katika Kiswahili, nalo ni kongwe mno miongoni mwa lugha za Kibantu. Kazi ya wa kwanza ilikuwa kumfichua wa pili, na hapo ndipo pana hatari. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1925, iliharamisha kumshutumu mtu kwa uchawi, lakini sheria haiketi chumbani pamoja na sinia ya mchanga. Mwezi wa Mei mwaka 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa na kuteketezwa kwa moto kwa shutuma za uchawi. Nilimkumbusha dada hayo tukiwa njiani kurudi. Akatazama nje dirishani hadi Webuye.

Baada ya miezi mitatu mpwa wangu alipiga simu. Yuko Naivasha, katika shamba la maua. Alikuwa ameibiwa simu pamoja na nambari zote, na aibu ya kukosa akiba ikamzuia kurudi nyumbani. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

"Naivasha si kuna ziwa?" dada akaniuliza.

Nikakubali kwamba liko.

"Basi mganga alisema kweli." Na yule mjane, ambaye zamani walikuwa wakiteka maji pamoja, hajamsalimu hadi leo.